Ndunguru Waliojaza Memori ya Seva

"Mfunge pingu, afande! Huyu ndiye mwizi wa memori!"

Ndugu zangu, aliyefoka hivyo ni Cuthbert Ndunguru, meneja wa kampuni ya kununua kahawa hapa Mbinga. Mwizi mwenyewe ni mimi, Romanus, fundi wake wa kompyuta kwa miaka sita!

Memori niiibe niiweke wapi? Kwenye gunia?

Nje, wakulima walikuwa foleni na kahawa yao tangu asubuhi. Seva, kompyuta kuu ya ofisi, imeganda. Pembeni Urban, mtaalamu wa kuletwa kutoka Dar, tai shingoni, anaonyesha skrini.

"Memori yote imetumika. Kajaza filamu zake."

"Kaka, hiyo ni Linux, mfumo unaoendesha seva. Nafasi iliyolala inaitumia kutunzia mafaili, ikihitajika inaiachia. Soma mstari wa pili, ndio wenye matumizi halisi!" nikamjibu.

Mtaalamu mzima hakujua kuna mstari wa pili!

"Darasa la saba unamfundisha injinia?" Cuthbert akacheka.

Neno hilohilo alinitupia mwaka 1996, kabla sijawa fundi wake, ushirika ulipokufa na kampuni zikaingia. Sijasahau.

Ila hata mstari wa pili ulitisha. Kuna kitu kilikuwa kinakula kweli.

"Afande, nipe dakika tano, kisha nifunge."

"Tano tu."

Nikaandika top, amri ya kuonyesha programu zinazofanya kazi, nikazipanga kwa memori. Juu kabisa... programu ya kusajili wakulima, aliyoiandika huyohuyo Urban! Nikaizima, nikaiwasha. Memori ikashuka.

"Dada Winifrida, tafuta mkulima kama kawaida."

Winifrida, karani wa mapokezi, akaandika: Ndunguru.

Memori ikapaa! Mbinga hii, ukiita Ndunguru sokoni, nusu ya soko inageuka. Programu ilikuwa inawabeba wote, na picha zao, haimwachii hata mmoja.

"Kwa nini hutumii namba ya kadi ya mkulima?"

"Meneja alikataza. Eti wazee wa kijijini Litembo hawajui namba."

Cuthbert akaurukia waya wa umeme. "Zima hiyo!"

Afande akamdaka mkono. "Tulia, mzee. Wewe fundi, shusha orodha."

Programu ilikuwa imewashwa upya, nikashusha hadi chini, kule ambako seva haijawahi kufika bila kuganda.

Sebastian Ndunguru... picha ya Cuthbert.

Nicholaus Ndunguru... Cuthbert, kavaa kofia.

Albina Ndunguru... mama mwenye masharubu ya Cuthbert!

Kadi hewa kumi na moja, na orodha inaonyesha kila moja imechukua mfuko wa mbolea ya wakulima. Ndiyo maana alikataza namba: kwa namba, karani angefungua kadi moja na kuiona sura yake.

"Romanus, mdogo wangu, tuongee..."

Leo ndiyo mdogo wako? Pingu zikalia mikononi mwake.

Jioni kahawa yote ilikuwa imepimwa, kwa namba za kadi. Na wale wazee wa Litembo? Kila mmoja alitaja yake kichwani, bila hata kutoa kadi mfukoni.

Bosi akiita polisi kabla ya fundi kumaliza kukagua, usimtetemekee. Shusha orodha mpaka mwisho.