Jina Chini ya Rekebisho

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Yusra alipitia kwa bibi yake Zohra, aliyeishi bondeni, kando ya wadi, mto unaojaa mvua tu ikinyesha, nje ya mji wa Nabeul, Tunisia. Alimbusu Bibi mkono, akapewa mkate uliopakwa harisa, ile pilipili ya kusagwa, kisha akakimbilia nyumba ya vijana, mahali chama chao cha kompyuta kilipokutana. Jumamosi hii mkate haukumshuka vizuri. Mawingu meusi yalikuwa yametanda juu ya vilima tangu alfajiri na hayakuwa yakisogea.

"Huko juu inanyesha," alisema Bibi akitazama wadi, ambayo bado ilikuwa kavu. "Lakini mimi sina wasiwasi. Si simu yenu itaniambia?"

Chama chao kilitunza programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, maagizo yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, na yeyote anaweza kuusoma, kuuchukua na kuurekebisha. Programu yao ilisoma kipimo cha maji kilichofungwa darajani. Maji yakipanda, iliwatumia watu wa bondeni ujumbe kwamba waondoke. Hata Waomani walikuwa wameichukua kwa ajili ya mabonde yao. Sheria ya chama ilikuwa moja tu: rekebisho la mtu haliingii mpaka mwenzake alisome lote, kisha aandike chini yake jina lake na neno "Nimesoma".

Wiki iliyotangulia Ghassan, rafiki yake Yusra, alikuwa ameleta rekebisho refu.

"We Yusra, weka jina bwana, mpira unaanza!"

"Ni refu mno hili, Ghassan."

"Kwani huniamini? Au siku hizi umekuwa profesa?"

Yusra aliona haya. Aliandika "Nimesoma", na hakuwa amesoma hata nusu yake.

Sasa alipofungua kompyuta, alikuta chini ya rekebisho lile swali kutoka kwa Hilal, mtu wa Nizwa huko Omani, ambaye hakuwahi kuonana naye. "Dada Yusra, salamu. Naona rekebisho hili umelisoma wewe. Zamani programu ilitoa onyo maji yakifika sentimita mia moja na hamsini. Sasa inangoja mita mia moja na hamsini. Je, huko kwenu maji hupanda kupita minara ya misikiti?"

Alimwita Ghassan, naye alisoma akabadilika rangi.

"Mjibu ni sawa, tumeshaijaribu," alinong'ona. "Kesho tutairekebisha kimyakimya. Mwalimu akijua, tumekwisha."

Radi ilinguruma vilimani. Kutoka dirishani Yusra aliliona daraja, na chini yake maji ya rangi ya udongo yaliyokuwa yakivuta matawi na taka. Saa moja tu iliyopita hapakuwa na tone. Alianza kuandika, "Ni sawa." Simu yake ilikuwa kimya mezani, na kimya hicho kilimtisha kuliko radi, kwa maana alijua kwamba simu ya Bibi nayo ilikuwa kimya vilevile. Aliyafuta maneno yale akasimama, akamgeukia mwalimu mlezi wa chama aliyekuwa upande wa pili wa chumba.

"Mwalimu Mongia, niliandika uongo! Sikusoma rekebisho la Ghassan. Maji yanapanda na programu haitasema kitu!"

Mwalimu hakupandisha sauti. "Utanieleza baadaye. Rudisha msimbo wa zamani. Mimi nitausoma."

Yusra aliurudisha. Mwalimu aliinama mbele ya kioo akasoma mstari baada ya mstari, midomo ikicheza.

"Mwalimu, tafadhali, haraka!"

"Nasoma, mwanangu."

Ndipo akaandika jina lake. Papo hapo simu zote chumbani zililia kwa pamoja. Yusra alimpigia Bibi.

"Nimepata, nimepata! Natafuta mtandio."

"Achana na mtandio, Bibi! Toka!"

Majirani walimshika Bibi mkono wakapanda naye kilimani. Punde maji yakaingia uani kwake, yakang'oa mlango na kubeba mitungi yake yote. Watu wa bonde lile walitoka wote salama.

Jioni, Ghassan mwenyewe alikiri mbele ya chama kwamba ndiye aliyemhimiza mwenzake. Yusra alilia bila kujificha.

"Msimbo kuwa wazi hakutoshi," alisema Mwalimu Mongia. "Unakuwa salama mtu anapousoma kweli. Watu wa bondeni hawaujui msimbo. Wao walilitegemea jina lako, Yusra, na wewe uliliweka mahali ambapo macho yako hayakufika. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe uliyataja kabla maji hayajafika. Ndiyo maana leo tunahesabu mitungi iliyopotea, wala hatuhesabu watu."