Aliyeitikia Chumba cha Mwisho

Kengele zote zilikwisha ng'olewa kando ya vitanda, lakini mchana ule bibi mmoja alipoita, "Nesi!", kitu kikamwitikia, "Abee!" Na manesi wote walikuwa jikoni.

Msimamizi wa ile nyumba ya wazee, waliyempachika jina la Mama Saa, alidhani ni mzaha. Utaratibu mpya ulikuwa wake. Zamani wenye midomo ndio waliohudumiwa, wapole wakaoza migongo. Sasa kila mzee angegeuzwa, aoshwe na alishwe kwa zamu. Nia njema, Mungu anajua. Ila akaongeza amri yake: "Anayeita asiitikiwe. Wakizoea kudeka hatutawaweza."

Hata mama yake mzazi, wa chumba cha mwisho, aliachwa aite mpaka koo likamkauka.

Basi wazee wakatulia. Wakanawiri. Mashuka yakakutwa makavu kabla ya zamu, yakinuka kucha zilizoungua.

"Nani kakubadilishia shuka, bibi?" nesi alinong'ona.

"Yule anayekuja tukiita," bibi akacheka bila sauti. "Nyie endeleeni na saa zenu."

Shehe akaletwa. Alifika mlango wa mwisho, akarudi kinyumenyume, akamgeukia Mama Saa.

"Huyu hakuvamia, dada. Mwenye shida kaita, mwenye nyumba kanyamaza, naye kaitika. Mama akiita leo, mtangulie kuitikia. Mama akimchagua yeye, huna mama tena."

Mama Saa akaketi kitandani, akaushika mkono wa mama, na kadiri jua lilivyoteremka dirishani ndivyo harufu ile ilivyozidi, na chini ya kitanda kitu kikaanza kupumua pamoja naye, akivuta kinavuta, akishusha kinashusha, godoro likainuka taratibu kama linalosukumwa na mgongo wa mtu, naye akasoma kila aya aliyoijua, na kila moja ikamkatikia katikati, mpaka mama akafumbua macho.

"Mwanangu!"

"Abee, mama! Nipo!" Alitangulia. Wallahi alitangulia.

Mama akamtazama kama mtu anayebishiwa hodi na mgeni.

"Sijakuita wewe, nesi. Zamu yako bado."

Chini ya kitanda, kwa sauti ya Mama Saa mwenyewe, ila yenye upole ambao yeye hakuwahi kuwa nao, kikasema:

"Abee, mama."

Bibi kizee akatabasamu. Akauchomoa mkono wake kiganjani mwa binti yake, akauteremsha chini ya kitanda, na ukapokelewa.