Dakika Moja kwa Mshika Maiki

"Kiti kinaondoka saa nne kamili. Usikikose."

Simu kutoka idarani ikakatwa.

Mwanamke yule aliitupia jicho saa yake ya Casio. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Kwa lugha ya idara yao ya ujasusi, kiti maana yake kijisanduku cha chupa za vijidudu vya maradhi, magendo yaliyokuwa njiani kwenda kwa mnunuzi ng'ambo. Kilikuwa humu ukumbini, ndani ya begi la mgeni mmojawapo.

Wageni walikuwa mia tatu. Na waandaaji, kwa ukarimu wao usio na akili, walikuwa wamempa kila mmoja begi jeusi la zawadi.

"Mwiba, tukague?" sauti ya Mkuu ilisikika sikioni mwake.

"Aliyekibeba akishtuka atavunja chupa. Niachie, Mkuu."

Kwa miaka kumi na tisa watu walimjua kwa filamu zake za hali halisi na vitabu vyake vitatu. Kamera ilimpitisha mahali ambapo bastola yake ya Glock isingepita. Leo walikuwa wanampa tuzo ya saba, naye moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Mshika maiki wake, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa mochwari. Wenye magendo walimpiga risasi jana ghalani mwao. Kinasa sauti chake kiliokotwa nyuma ya maboksi, kikiwa na sekunde thelathini za kimya cha chumba. Washika maiki ndivyo walivyo. Kila wanapoingia, lazima warekodi mahali penyewe kabla mtu hajasema neno.

Ndani ya kimya kile kulikuwa na feni ndogo, ya kupozea chupa za kijisanduku. Ngrr, inakwama, ngrr.

Jina lake likaitwa. Akapanda jukwaani na maiki ndefu ya marehemu, vipokea sauti shingoni.

"Tuzo hii ni ya mdogo wangu. Alifariki jana. Naomba tusimame dakika moja, niurekodi ukimya wenu kwa maiki yake."

Fundi wa ukumbi, waliyekwisha kupatana naye, akazima viyoyozi.

Watu wakasimama. Akavaa vipokea sauti, akaizungusha maiki polepole. Safu ya kwanza, kikohozi. Ya pili, mtu analia.

Ya tatu.

Ngrr. Inakwama. Ngrr.

Alikuwa Mfadhili, aliyelipia filamu zake nne. Asubuhi hiyohiyo alimkumbatia mlangoni huku machozi yakimtoka. "Pole sana, dada," alimwambia.

Alishuka ngazi bila haraka. Mfadhili alipomwona anamjia akafungua mikono yote miwili. Naye akaingia kifuani mwake, akamwekea mdomo wa Glock mbavuni.

"Pole sana," alimnong'oneza.

"Dada, unanifanyia nini?"

"Aliyeniita dada mmemuua."

Wapiga picha wawili, wote vijana wa idara, wakaliokota begi miguuni pake kama wanaokota yai. Wakamtoa kwa mlango wa pembeni. Dakika ya kimya ilikuwa haijaisha.

Tuzo aliiacha juu ya kiti. Akatoka nje kwenye jua, mwendo wake uleule wa siku zote, akabonyeza kinasa sauti cha mdogo wake, asikilize tena kimya kile cha ghalani.

Chini ya ule mngurumo kulikuwa na pumzi. Pumzi nzito, yenye filimbi kwa mbali. Mdogo wake alikuwa na pumu.

"Acha kupumua, unaniharibia kimya!" alizoea kumfokea.

"Kwani unataka nife, dada?" naye humjibu akicheka.

Na kwenye uhariri alikuwa akiikata pumzi ile, filamu baada ya filamu, hadi kimya kiwe safi. Filamu kumi na nne, na hakumwacha apumue hata katika moja.

"Mwiba, kazi nzuri," Mkuu alisema. "Kinasa sauti kirudi idarani kifutwe. Kuna sauti ya marehemu humo?"

Alijifuta uso kwa kiganja.

"Hamna, Mkuu. Kimya tu."

Akakitia mfukoni, akavuka barabara.