Ini Jipya, Mwili Uleule

Seremala alikuwa anapiga randa mlango. Akipiga mara tatu, anapumzika. Mwaka ulikuwa umepita tangu apandikizwe ini, kwa sababu la kwake lilikuwa na saratani. Dada yake mdogo, fundi cherehani, ndiye aliyemkatia kipande cha ini lake.

Jirani yake muuguzi akaingia na kigoda kibovu.

"Nibadilishie mguu huu tu. Umeliwa na wadudu."

Seremala akakigonga. Unga wa mbao ukadondoka kutoka mguu mwingine.

"Mguu mmoja ni kazi bure, sista. Wadudu wameshatembea."

"Na wewe umekosa kliniki mara mbili. Kuna nini?"

"Ini bovu lilitupwa. Hili la mdogo wangu ni zima. Niende kulikagua kama mali ya wizi?"

Muuguzi akaketi juu ya mbao.

"Umesema mwenyewe, wadudu hutembea. Kabla ini halijatolewa, chembe za saratani huenda zilishaingia kwenye damu. Hazionekani. Zinaweza kuota kwenye ini jipya, kwenye mapafu, hata kwenye mifupa. Na dawa za kuzuia mwili usilikatae ini hupunguza kinga yako. Usiziache hata siku moja. Ila nenda ukapimwe damu na picha kila tarehe uliyopewa, hasa miaka hii ya mwanzo."

Seremala akaweka randa chini.

"Nimechoka. Ikiwa imerudi, nitamwambia nini aliyenipa ini lake?"

Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na chakula cha mchana.

"Utaniambia tunaondoka saa ngapi," alisema. "Nilikupa ini, kaka, sikukupa hirizi. Kovu langu linawasha kila nikiinamia cherehani. Usinifanye nijikune bure."

Seremala akacheka, kidogo.

Wakaenda kliniki. Picha ilionyesha doa kwenye pafu. Daktari hakupamba maneno: ilikuwa saratani ileile. Lakini doa lilikuwa moja, tena dogo. Likakatwa. Angengoja zaidi, pengine lisingekatika.

Siku hizi anapiga randa mara mbili, anapumzika. Kigoda cha muuguzi alikibadilisha miguu yote. Tarehe ya kliniki ameiandika kwa chaki juu ya mlango wa karakana. Picha mbili zilizofuata hazikuonyesha kitu.

"Umepona?" wateja humuuliza.

"Nimepimwa," hujibu, kisha huokota randa.