Sato wa Bwawa la Tatu

Silasi, msimamizi wa mabwawa ya majitaka, alikutwa saa moja asubuhi akielea kifudifudi kwenye bwawa la tatu, la mwisho kabla majitaka ya Musoma hayajaruhusiwa kuingia ziwani. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Pembeni yake walielea sato watatu, matumbo juu.

Inspekta Hyasinta Mugeta alichuchumaa ukingoni. Harufu aliivumilia. Kilichomkera ni watu waliojaa kwenye uzio na simu zao, wanapiga picha maiti ya baba wa watu.

"Waondoe hao," alimwambia konstebo, kisha akamgeukia Miriamu, mpimaji wa maji wa kituo. "Samaki wanafanya nini humu?"

"Silasi ndiye aliwapandikiza, afande. Kilikuwaga kipimo chake. Sato wakiwa wazima, anafungua lango, maji yanaenda ziwani. Wakifa hafungui, hata aje mkubwa gani. Jana mchana walikuwa wamejaa, wazima kabisa."

"Sasa wako wapi?"

Miriamu alitazama lango. Lilikuwa wazi, maji yanatoka kwa kasi.

"Mungu wangu. Wameenda na maji."

Hyasinta alielewa hapo hapo. Silasi asingefungua. Aliyemuua ndiye aliyefungua, ili samaki waliokufa wasionekane. Na maji yale yalikuwa yanaingia ziwani mwaloni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, upande wa mtaa wa Kigera.

Akamtuma konstebo mbio. Haikupita robo saa, simu ikaita.

"Tumechelewa, afande. Watu wamezoa sato kwa mabeseni tangu alfajiri. Wanasema leo ziwa limewakumbuka."

"Piteni nyumba kwa nyumba. Asile mtu."

Alipiga hospitali. Daktari naye alikuwa na swali moja tu: sumu gani? Majibu ya maabara yangechukua siku mbili. Sasa Hyasinta hakuwa anamtafuta muuaji tu.

Kwa daftari la getini, jana jioni gari moja tu liliingia kituoni, lori la kunyonya majitaka, dereva Enoka. Walimkamatia Bunda. Chini ya kiti chake palikutwa mpini wa kufungulia lango, una damu. Saa tano alikuwa ameketishwa mbele ya Hyasinta.

"Bunda ulifuata nini?"

"Gari liliharibika. Nikalala huko."

"Na huu mpini?"

"Siujui."

"Ulimwaga nini bwawani?"

"Majitaka. Mimi nabebaga majitaka tu."

Hyasinta alipiga meza. "Usinichezee, Enoka. Silasi amekufa, kesi yake itatungoja. Kigera nzima inakaanga sato uliowaua wewe, na daktari anataka jina la sumu."

Enoka aliinua kichwa. "Kigera?"

"Mabeseni kwa mabeseni."

"Nyumbani kwangu ni Kigera, afande."

"Jina la sumu."

"Sayanaidi. Maji ya kuchenjulia dhahabu, niliyatoa machimboni Butiama. Nipe simu. Nakuomba, mama, nipe simu."

Hyasinta alimpigia daktari kwanza, maneno mawili tu, kisha akamsukumia Enoka simu. Namba akaikosea mara mbili. Ilipoanza kuita, maneno yakamtoka yenyewe.

"Silasi aliona sato wanageuka matumbo juu. Alisema anaenda kunishtaki hapo hapo. Nikamshika, akanisukuma, nikampiga na mpini. Akaanguka majini. Lango nililifungua ili samaki wapotelee ziwani. Ziwa ni kubwa, nikajua hawataonekana tena."

"Kwa nini ulimpiga?"

"Ningefungwa, afande. Wanangu wangekula nini?"

Simu ikapokelewa. Ilikuwa kwenye spika, chumba kizima kikasikia sauti ya Sara, mke wake, imechangamka.

"Baba Nathanieli, umelala wapi wewe? Leo tumepata sato wa bure, wakubwa hao. Sisi na watoto tumeshakula. Wewe tumekuwekea mmoja."