Maji Yaliyokimbilia Mtaroni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wakesho alibeba debe hadi kwenye bomba la mtaa wa Kaloleni, mjini Voi, akapanga foleni. Hakuipenda foleni hiyo hata kidogo. Maji yenyewe yalitoka kwa kusitasita, tena yalikuwa na chumvi. Kufulia yalifaa, lakini mboga zilizomwagiliwa maji hayo zilikauka.

Mwaka huo wa 1974 mboga hazikuwa jambo la mchezo. Mama yake alikuwa na mimba ya miezi saba, na muuguzi alimwambia damu yake ni kidogo, ale mboga za majani kila siku. Sokoni zilikuwa adimu kwa sababu ya ukame. Basi Mama akapanda mchicha na sukuma wiki nyuma ya nyumba, na kwa kuwa Baba alikuwa kazini Taveta, jirani yao fundi wa reli, Baba Ajiambo, alijitolea kuwawekea pipa la kukingia maji ya mvua.

Alilisimamisha pipa juu ya mawe, akalishikiza kwa simiti na kulifunga ukutani kwa waya. Kisha akatundika gata, ule mfereji wa bati unaopokea maji ya paa. Alifanya haraka, kwa maana kesho yake alikuwa anasafiri kikazi Mtito Andei.

"Wakesho, mwanangu," alisema akikusanya vyombo vyake, "mteremko wa gata nimeupima kwa macho tu. Jioni chota maji, panda ngazi, uyamimine humu kwenye gata. Yakikimbilia pipa, sawa. Yakienda upande ule mwingine, niambie asubuhi kabla sijaondoka."

Debe la jioni lilikuwa na maana ya foleni nyingine. Wakesho alicheza mpira na wenzake mpaka giza likaingia. Asubuhi, Baba Ajiambo alipomuuliza, alijibu bila kupepesa macho, "Nilijaribu. Yameenda vizuri kabisa."

"Huyu ni msichana mchapakazi," alisema Baba Ajiambo, akaenda zake akiwa ameridhika.

Mvua ilinyesha Alhamisi alasiri. Mama alitoka barazani akitabasamu, kisha tabasamu likakatika. Maji yalijaa kwenye gata, yakaligeuzia pipa mgongo na kukimbilia mwisho wa pili, yakiporomoka kwenye mtaro wa barabara. Ndani ya pipa halikuingia hata tone.

Wakesho alilisukuma pipa ili alihamishie upande ule, halikutikisika. Alihangaika na waya mpaka vidole vikatoka damu. Alipoikimbilia ngazi, Mama alimshika gauni. "Radi inapiga, nawe unataka kushika bati? Kaa hapa." Wakesho alitega karai mtaroni, mkondo ukalibeba. Basi, hakukuwa na la kufanya tena. Walisimama barazani wakiyatazama maji matamu yakienda zake. Mama hakujua kosa ni la nani, na Wakesho alitamani angalau agombezwe.

Jua likarudi, likawaka wiki nzima. Miche ikaanza kulala mmoja baada ya mwingine. Kila asubuhi Wakesho alisimama mbele yake na debe la maji ya chumvi, akiwa hana cha kuisaidia.

Baba Ajiambo aliporudi, Wakesho alimngojea mlangoni. "Nilikudanganya," alisema. "Sikumimina maji." Mama alisikia, akaketi polepole. Baba Ajiambo hakumfokea. Alileta ngazi na kumwonyesha debe. "Nenda kachote."

Wakesho alichota, akamimina, maji yakaenda vibaya. Gata likainuliwa kidogo, akatumwa tena bombani, na tena, mpaka maji yakakimbilia pipa. Mabega yalimuuma lakini hakulalamika.

Jumapili mvua ilinyesha na pipa likajaa mpaka likafurika. Nusu ya miche ilikuwa imekufa. Iliyobaki, Wakesho aliimwagilia kila jioni, na siku muuguzi aliposema damu ya Mama imeongezeka, Mama alimwalika Baba Ajiambo kwa ugali na mchicha.

"Mimi nilikuamini kwa maneno tu, nikakusifu," Baba Ajiambo alimwambia Wakesho walipomaliza kula. "Mvua haikuuliza umesema nini. Ilifuata gata. Ukisema umefanya kazi ambayo hujaifanya, kuna mtu anaitegemea kazi hiyo, naye ndiye atakayeumia. Safari hii alikuwa mama yako."

Wakesho alimtazama Mama, akaondoa sahani, kisha akachukua ndoo na kwenda kwenye pipa.