Ana Mwenyewe

Waliporudi kutoka matembezini ughaibuni, dereva wa teksi alimfungulia mlango Mwalimu, akamfungulia na mkewe, kisha akazunguka mbele, akafungua mlango wa tatu na kusimama ameushika, kama anayemsubiri mzee mwingine ateremke. Baadaye akaufunga taratibu, akaaga kwa adabu na kuondoka. Mwalimu alicheka, akasema yule bwana alale kwanza kabla hajaua mtu.

Mkewe hakucheka. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili, lakini tangu kule kwenye kasri alikuwa akijibu kwa kichwa tu.

Ya kasri Mwalimu hakutaka kuyakumbuka. Binti yao ndiye aliyewazawadia safari ile, waende na wastaafu wenzao wakaone nchi za watu. Msafarani alikuwemo jaji, alikuwemo na daktari bingwa, na Mwalimu, aliyezeekea kwenye ukuu wa shule, akaona hao ndio saizi yake. Siku ya kwanza tu akawa anatembea nao mbele, mikono nyuma, akieleza historia asiyoijua, wala hakumtambulisha mke. Mkewe alijikokota nyuma na miguu yake iliyovimba, miguu iliyosimama vyumba vya kuzalishia miaka nenda miaka rudi. Ndani ya kasri, kwenye ukumbi wa baridi unaonuka mawe mabichi, ikamshinda. Akavuka kamba ya kuzuia wageni, akaketi kwenye kiti cha enzi, akavua viatu, akafungua kikopo chake na kuanza kumenya yai la kuchemsha.

Mlinzi akafoka. Watu wakaangua kicheko. Jaji akasema, "Wengine wangebaki makwao tu."

"Huyu mama ana mwenyewe hapa?" mtembeza wageni akauliza.

Mkewe alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitazama dari. "Simjui," akasema. "Mimi niko na hawa."

Nyuma ya sikio lake sauti ya kiume, ya upole, ikajibu, "Ana mwenyewe." Aligeuka akakuta ukuta mtupu. Akajiambia ni mwangwi. Usiku ule hotelini hakuomba radhi, maana aliona neno lisiposemwa hufa lenyewe. Aibu yake aliikunja pamoja na mashati, akarudi nayo nyumbani.

Siku za mwanzo nyumbani vilikuwa vicheko tu vya mkewe, vya chini chini, chumbani mchana akiwa peke yake. Kisha ikaja harufu ya mawe mabichi kwenye shuka zilizotoka kuanikwa juani. Mwalimu alihamia kulala sebuleni akisingizia mgongo.

Alasiri moja alipita ukumbini, akaona mlango wa chumba umeachwa wazi kidogo, akachungulia, na alichokiona kilimfanya ashike ukuta, kwani mkewe alikuwa ameegemea mto, macho amefumba, mguu mmoja umeinuliwa juu ya kitanda na hakuna kilichoushika, na nyama ya unyayo ilikuwa ikibonyea na kurudi, ikibonyea na kurudi, chini ya vidole visivyoonekana, polepole, kwa subira ambayo yeye Mwalimu hakuwahi kuwa nayo katika ndoa yao yote, na uvimbe ulikuwa umekwisha.

"Uko na nani?" alinong'ona.

"Punguza sauti, Mwalimu," mkewe akajibu bila kufumbua macho. "Hapendi makelele."

Binti alipopigiwa simu alikuja na mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani, asiye na muda wa porojo. Aliwaketisha sebuleni, akanusa hewa, akasoma maneno yake mpaka jasho likamtoka. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Jini huyu hakuiba. Anasema aliokota. Nani alimwacha mama?"

"Labda kule hotelini, tulipo..."

"Mzee, nimeuliza nani."

Binti alikuwa akimtazama. Mwalimu aliukwepa uso wake. "Mimi," akasema. "Nilimkana mke wangu mbele ya watu. Niliona haya kwa miguu yake."

Binti akainamisha kichwa. Mganga akavua miwani. "Basi mimi sina nguvu ya kumtoa. Ataondoka akiambiwa na mama. Mama, mumeo ni nani?"

Mwalimu alipiga magoti, na utu uzima wake wote, akaishika miguu ya mkewe mbele ya mtoto wao. Ilikuwa laini, nyembamba, kama ya msichana. "Nisamehe, bibie. Nilikosa."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kisha akaichomoa miguu yake mikononi mwa Mwalimu, taratibu, akasogea pembeni ya kochi. Mto wa kochi kando yake ukadidimia, kama aliyeketiwa na mtu.

"Mwanangu," akamwambia binti yake, "mwinue baba yako. Sakafu ina baridi, na hana wa kumkanda."

Akalaza kichwa upande ule, hewani, na kichwa hakikuanguka. Mganga akaanza kukusanya vitu vyake.